Kabla hujakatwa tumbo: mwongozo kamili wa slivu kwa mtu wa Mombasa

Dada yangu alifanyiwa slivu, upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo ili mtu akonde, mwezi wa Februari, kaskazi imekolea, mtu akikaa kibarazani tu jasho linamchirizika. Upasuaji ulikwenda vizuri, na siku ya tatu akarudishwa nyumbani Kisauni. Kilichokaribia kutupokonya ni siku ya tisa. Alikuwa hanywi maji ya kutosha, mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, akisimama kizunguzungu kinampiga, na sisi tunamwambia, "Pumzika dada, ni kidonda tu." Tulipompeleka zahanati ya karibu, aliyempokea hakuwa amewahi kumwona mtu wa slivu. Akamchoma sindano ya diklofenaki ya maumivu, dawa ambayo mtu kama yeye hatakiwi kuigusa. Alhamdulillahi, alipona. Lakini mengi tuliyajua baada ya kuumia, na ndiyo sababu nayaandika hapa.

Watu wakisikia slivu huuliza, "Nitapungua kilo ngapi?" Swali hilo lina mahali pake, na nitalijibu kwa tarakimu. Ila la kwanza liwe hili: usiku wa Jumamosi moyo ukinienda mbio, nampigia nani, na nitapokewa wapi? Kisu chenyewe siku hizi ni salama kuliko watu wanavyodhani. Wanaopata shida kubwa, mara nyingi shida yao inaanza nyumbani, mbali na aliyewapasua.

Slivu ni nini hasa

Mtaani husemwa "kukatwa tumbo", na wengi hufikiri ni kunyonywa mafuta ya kitambi. Sivyo. Kinachokatwa ni mfuko wa chakula wenyewe. Daktari hutoboa matundu madogo manne au matano, huingiza kamera na vifaa, kisha mrija wa mpira hupitishwa kinywani hadi tumboni uwe kipimo. Kando ya mrija huo hukata kwa stepla, mashine inayokata na kushona papo hapo kwa mistari ya pini ndogo za titani. Asilimia 75 hadi 80 ya tumbo hutolewa nje kupitia tundu mojawapo. Kinachobaki ni bomba jembamba, unene wa ndizi. Kazi yote huchukua saa moja hadi mbili.

Bomba hilo hufanya kazi kwa njia mbili. Kwanza, nafasi ni ndogo, unashiba kwa vijiko vichache. Pili, ile sehemu ya juu iliyoondolewa ndiyo hutengeneza kwa wingi homoni ya njaa, ghrelini, kwa hiyo ile njaa ya kukukaba koo hupoa kwa miezi mingi. Utumbo hauguswi. Hapo ndipo slivu inapotofautiana na baipasi, ambayo hupunguza tumbo na pia kubadilisha njia ya chakula kwenye utumbo.

Na kipande kilichotoka hakirudi. Slivu inaweza kugeuzwa baadaye kuwa baipasi, lakini tumbo la zamani hulipati tena. Nalisema mapema kwa sababu nimekutana na watu walioambiwa kwamba "ukichoka inafunguliwa".

Hatua ya 1: Jipime, na pima kama slivu ndiyo yako

Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa urefu huohuo, kisha ugawanye uzito wako wa kilo kwa jibu hilo. Mama mwenye kilo 112 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 112 ukigawanya kwa 2.56 unapata karibu 44. Hiyo ndiyo BMI.

Tangu 1991 madaktari walifuata kipimo cha BMI 40 ili kumpasua mtu, au 35 ukiwa na ugonjwa unaoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vikubwa viwili vya wapasuaji wa unene, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha: 35 na kuendelea hata bila ugonjwa mwingine, na 30 hadi 35 kwa mwenye kisukari au maradhi mengine ya namna hiyo. Kwa watu wenye asili ya Asia wanaanza kufikiria kuanzia 27.5, kwa sababu kisukari huwavamia wakiwa na uzito mdogo zaidi. Mombasa hii ina familia nyingi za Kihindi zinazohusika na mstari huo, na wengi wao hujiona si wanene wa kutosha hata kuuliza.

Ila BMI peke yake haitoshi kuamua. Kama una kiungulia kikali, asidi inapanda hadi kooni ukilala, slivu huenda ikakuzidishia. Bomba jembamba lina shinikizo kubwa kuliko mfuko mpana, na asidi hutafuta njia ya juu. Sisitiza kupimwa kwa kamera ya tumboni kabla ya kuamua. Ikionekana koo la chakula limechubuka vibaya au chembe zake zimeanza kubadilika, wengi watakushauri baipasi. Mwenye kisukari cha miaka mingi pia aulize kuhusu baipasi bila kuona haya. Mjamzito asubiri. Mwenye tabia ya kula hadi kujitapisha, au aliyezama kwenye pombe, atibiwe hilo kwanza.

Kuna pia sindano za kila wiki. Katika majaribio makubwa, semaglutaidi ilipunguza wastani wa asilimia 15 ya uzito kwa muda wa karibu mwaka mmoja na miezi minne, na tirzepataidi kwa dozi ya juu karibu asilimia 21. Si haba kabisa. Kasoro yake ni kwamba ukiacha, uzito mwingi hurudi, na bei ni ya kila mwezi. Kama unaweza kuzimudu na hutaki kisu, zungumza na daktari, na ununue famasi inayojulikana, si kwa mtu anayetuma picha kwenye simu.

Hatua ya 2: Jua unachonunua

Turudi kwa mama wa kilo 112. Mwaka wa kwanza, watu wengi wa slivu hupoteza asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote. Kwake ni kilo 28 hadi 34, afike baina ya 78 na 84. Hatakuwa mwembamba. Atakuwa mtu anayepanda ngazi za feri ya Likoni bila kusimama katikati, anayelala bila kukoroma, na pengine aliyepunguziwa vidonge vya presha.

Kisha uzito hurudi kidogo, na hili halisemwi vya kutosha. Nchini Finland walifuatilia watu 240, nusu walifanyiwa slivu na nusu baipasi, na matokeo ya miaka kumi yalitoka 2022. Kwa wale wa slivu, uzito uliopotea ulikuwa asilimia 43.5 ya uzito wa ziada. Kwa wale wa baipasi asilimia 50.7. Uzito wa ziada ni ule unaozidi BMI 25. Kwa mama wetu BMI 25 ni kilo 64, ziada yake ni 48, na asilimia 43.5 ya 48 ni kama kilo 21. Kwa hiyo baada ya miaka kumi mtegemee kwenye kilo 91, si 78. Bado ni kilo 21 ambazo kwa lishe peke yake ni wachache mno wanaozishika kwa miaka kumi. Mimi nasema ni faida kubwa. Lakini aliyeahidiwa 64 ataona amedanganywa, na kweli atakuwa amedanganywa.

Utafiti huohuo uliwachungulia wengi wao kwa kamera. Waliokutwa na mchubuko wa koo la chakula kwa asidi walikuwa asilimia 31 upande wa slivu na 7 upande wa baipasi. Tofauti hiyo ndiyo iliyonifanya niandike kwa mkazo kuhusu kiungulia hapo juu.

Kuhusu kisukari, hospitali ya Cleveland Clinic nchini Marekani ilifuatilia wagonjwa 150 kwa miaka mitano. Waliofikisha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kwenye asilimia 6 au chini walikuwa 23 kati ya mia kwa slivu, 29 kwa baipasi, na 5 kwa dawa peke yake. Slivu inaisaidia sukari kwelikweli, mara nyingi ndani ya wiki chache, lakini si sahihi kuiita tiba ya kudumu kwa kila mtu.

Hatua ya 3: Zitazame hatari bila kupepesa

Kifo ni karibu mtu mmoja kati ya elfu, au chini ya hapo, kiwango kinachokaribiana na upasuaji wa kutoa kifuko cha nyongo. Kukaa na BMI ya 44 na kisukari kwa miaka ishirini nako kuna vifo vyake, ila havina tarehe ya miadi.

Kinachoogopwa zaidi ni kuvuja. Ule mshono mrefu wa pini ukiachia mahali, mara nyingi juu karibu na koo la chakula, asidi humwagika ndani ya tumbo. Hutokea kwa mtu mmoja hadi wawili kati ya mia, na chini ya hapo kwenye mikono yenye uzoefu mkubwa. Ubaya wake ni kwamba wengi huvuja wakiwa wameshatoka hospitali, siku ya tano, ya saba, ya kumi, hata baada ya wiki kadhaa. Nyingine ni kutoka damu kwenye mshono, na damu kuganda mguuni kisha kupanda mapafuni. Baadaye bomba linaweza kubana au kujipinda katikati, ukawa unatapika hata maji.

Hatua ya 4: Chagua mtu, kisha chagua umbali

Baraza la madaktari, KMPDC, lina orodha mtandaoni ya madaktari walioruhusiwa na fani zao. Andika jina, utazame. Jina halipo au leseni imekwisha, ondoka. Hakikisha pia hospitali ina chumba cha wagonjwa mahututi (ICU) na mashine ya CT ya kupiga picha za ndani ya mwili, na kwamba mtu wa nusukaputi amezoea wagonjwa wanene.

Kisha muulize daktari uso kwa uso: umefanya slivu ngapi, na ngapi mwaka huu? Wangapi walivuja, na uliwafanyia nini? Mwenye uzoefu hujibu bila kukasirika. Anayesema "kwangu hakuna hata mmoja aliyewahi kupata shida" ama amefanya chache ama hawafuatilii.

Watu wa Mombasa wengi huishia Nairobi, na wengine India au Uturuki. Sipingi. Ila Nairobi ni kilomita karibu 480, na kuvuja hakukungoji treni ya asubuhi. Ukipasuliwa mbali, fanya mambo mawili. Kaa hukohuko angalau siku kumi hadi kumi na nne, kwa ndugu au chumba cha kupanga, na wala usipande basi la usiku siku ya nne, maana kukaa saa nane miguu imening'inia ni kuialika damu igande. La pili, kabla hujasafiri, mtafute daktari wa upasuaji hapahapa Mombasa, awe Hospitali Kuu ya Pwani au hospitali ya binafsi, akubali kukupokea ukizidiwa. Mpe nakala ya barua ya mpango wa upasuaji wako. Ukirudi, mpelekee ripoti ya upasuaji yenyewe, si risiti.

Bei usiilinganishe kwa tarakimu moja. Uliza ndani mna nini: kamera ya tumboni, vipimo vya damu, katriji za stepla, siku za kitanda, mtaalamu wa lishe, miadi ya mwaka mzima. Na nikivuja nikarudishwa ICU, nani analipa? Jibu la bima litoke kwa maandishi.

Hatua ya 5: Wiki sita za maandalizi

Sigara na shisha ziachwe wiki sita kabla, kwani huchelewesha mshono kushika. Muguka na miraa pia, na hapa nawaomba vijana na kina mama wanaotafuna kimyakimya: mwambieni daktari wa usingizi ukweli. Majani hayo hupandisha presha na mapigo ya moyo, naye anahitaji kujua kabla hujalala mezani. Hatakushtaki kwa mtu.

Upimwe bakteria wa vidonda vya tumbo, H. pylori, ambaye kwetu ni wa kawaida sana, na ukiwa naye utibiwe kwanza. Upimwe damu, madini ya chuma, vitamini B12 na D, kwa sababu wanene wengi huingia chumba cha upasuaji tayari wamepungukiwa. Kama unakoroma na mwenzako anasema pumzi hukatika, upimwe usingizi.

Wiki mbili za mwisho utapewa lishe kali: protini nyingi, wanga kidogo, mafuta kidogo. Si adhabu. Ini la mtu mnene huvimba kwa mafuta na kulifunika tumbo. Likinywea, daktari anaona anapokata. Dada yangu wiki hizo alikula samaki wa kuchoma, mchicha usio na nazi na mayai, na mama akawa anamwonea huruma, akimnong'oneza, "Mwanangu, kipande cha mahamri hakiui." Ilibidi nimketishe mama nimweleze habari ya ini. Aliyepika nyumbani lazima aelewe, la sivyo mambo hayaendi.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Hapa kazi si yako. Utalala, utaamka na maumivu ya kubana, kichefuchefu, na pengine bega kuuma kwa sababu ya hewa waliyojaza tumboni. Jioni hiyohiyo utaamshwa utembee. Tembea hata kama unalia. Kutembea, soksi za kubana na sindano za kuzuia damu kuganda ndiyo kinga ya mapafu yako. Usiondoke kabla ya kuweza kunywa bila kutapika, na kabla ya kuwa na nambari ya simu inayopokelewa usiku. Ipige mbele yao uone kama inaita.

Hatua ya 7: Siku kumi na nne za kwanza

Siku hizi nazitaka uzisome mara mbili.

Chukua kikombe cha kahawa, kile kidogo kisicho na mkono cha muuza kahawa tungu. Jaza maji kiasi cha mililita 50. Hicho ndicho kipimo chako, na utakimaliza kwa robo saa, si kwa mkupuo mmoja. Dada yangu siku ya kwanza nyumbani alikinywa kama alivyozoea, mara moja, akashika kifua na macho yakamtoka machozi. Baada ya hapo tukatumia kijiko cha chai: kijiko, hesabu hadi sitini, kijiko kingine. Lengo ni kufikia lita moja na nusu kwa siku, polepole, kuanzia alfajiri hadi usiku. Kwa joto letu hata hiyo ni kidogo. Sisi kosa letu lilikuwa kuhesabu vikombe kwa kichwa. Chora mistari kwenye karatasi, mstari mmoja kikombe kimoja, uibandike kwenye friji. Vikombe thelathini.

Kama una hiari ya tarehe, chagua kusi, Juni hadi Agosti, kuna upepo na baridi kidogo. Mtu wa wiki ya kwanza ya slivu katika joto la Machi anapigana vita viwili.

Kila asubuhi na jioni pima mapigo ya moyo kwa dakika nzima, ukiwa umetulia, na joto la mwili. Andika. Mapigo yakizidi 100 na kubaki hapo, piga simu. Yakifika 120, usipige simu ukingoja ushauri: nenda hospitali huku mwenzako anapiga. Vivyo hivyo kwa homa ya 38, pumzi kuwa fupi, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, au bega la kushoto linaloanza kuuma upya baada ya kuwa limetulia. Mapigo ya moyo hutangulia, homa huja nyuma. Watu hungoja homa, na hapo ndipo wanapochelewa. Ukifika, sema maneno haya: "Nina slivu ya siku kadhaa, naogopa mshono umevuja, naomba CT." Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au kifua kikichoma ghafla, ni damu iliyoganda hadi ithibitike vingine.

Maumivu yatulizwe kwa paracetamoli ya maji au ulichoandikiwa. Diklofenaki, ibuprofeni na ndugu zao huchimba vidonda kwenye bomba. Vikwepe kwa kadiri uwezavyo maisha yako yote, hata mgongo ukiuma, hata meno.

Na kwa wenye kisukari na presha: dozi ya jana inaweza kukuangusha leo. Insulini na glibenklamidi zinahitaji kupunguzwa mara moja na daktari, kwa sababu huli. Pima sukari mara kadhaa kwa siku.

Hatua ya 8: Jiko la Mombasa, wiki kwa wiki

Siku chache za mwanzo ni vimiminika vyepesi: maji, supu ya kuku iliyochujwa na kuondolewa mafuta, chai isiyo sukari. Kisha hadi mwisho wa wiki ya pili, maziwa, mtindi mwepesi usio sukari, uji mwembamba, unga wa protini kama umepata. Wiki ya tatu na ya nne kila kitu kisagwe: samaki aliyechemshwa na kupondwa na supu yake, ndengu, mbaazi zisizo nazi nzito, yai la kuvuruga laini. Wiki ya tano na ya sita vyakula laini vya kuponda kwa uma. Baada ya hapo unarudi kwenye chakula cha kawaida kidogokidogo, ukijaribu kitu kimoja kipya kwa siku.

Protini iwe gramu 60 hadi 80 kwa siku, na iliwe kabla ya kitu kingine sahanini. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maziwa 8, nusu kikombe cha mbaazi zilizoiva karibu 6, na kipande cha changu cha ukubwa wa kiganja cha mtoto kinakupa zaidi ya 12. Sisi watu wa pwani tuna bahati ya samaki. Nyama ya ng'ombe kavu na mkate mpya ndivyo vinavyokwama zaidi; wali nao huvimba.

Usinywe na chakula. Acha kunywa unapoanza kula, ungoje nusu saa baada ya kumaliza. Tafuna hadi kiwe uji mdomoni. Ukihisi kifua kinabana au pua inaanza kutoka makamasi, acha hapohapo, hata kama kimebaki kijiko kimoja.

Sasa juisi. Slivu huzuia sahani ya biriani, haizuii glasi ya juisi ya miwa. Haluwa, juisi ya ukwaju yenye sukari, aiskrimu, soda, vyote huteleza kwenye bomba kama maji kwenye mfereji. Ukimwona mtu aliyefanyiwa slivu akanenepa tena, muulize anakunywa nini kabla ya kumuuliza anakula nini. Madafu si mabaya kwa kiasi, ila yana sukari yake na hayachukui nafasi ya maji.

Hatua ya 9: Vitamini, damu, nywele

Vidonge vya vitamini na madini ni kila siku, maisha yote: vya mchanganyiko, B12, D na kalsiamu, na chuma hasa kwa mwanamke anayepata hedhi. Kalsiamu na chuma usivimeze pamoja, viachanishe saa mbili. Damu ipimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Wengi hupewa pia dawa ya kuzuia asidi miezi ya mwanzo, na ya kuzuia mawe ya nyongo kwa miezi sita, kwani kukonda haraka huyazalisha.

Ukitapika siku mbili tatu mfululizo, kuna hatari ya upungufu wa vitamini B1, ambao huharibu ubongo na mishipa: kuona viwili, kuyumba, kuchanganyikiwa. Lazima B1 itangulie kabla ya dripu ya sukari. Wahudumu wengi hawalijui hili, kwa hiyo lijue wewe na anayekuuguza.

Nywele hutoka mwezi wa tatu hadi wa sita, kwa vishada, na zitakutisha kwenye kitana. Huota tena, ukila protini.

Hatua ya 10: Watu, Ramadhani, mimba

Utakonda upesi na watu watasema. Dada yangu aliulizwa sokoni Kongowea, mbele ya watu, kama "ameukwaa", yaani ana Ukimwi. Akarudi nyumbani akalia. Amua mapema utakachosema na kwa nani, na umtafute mtu wa kuzungumza naye moyo ukiwa mzito, maana kuna wanaozama katika huzuni, au kuhama kutoka chakula hadi pombe, hata uzito ukishuka vizuri.

Harusini mwenyeji ataona umemdharau. Pakua mwenyewe, chukua sahani ndogo, kula nyama kwanza, kisha sema, "Nimeshiba, mkono wako umebarikiwa." Usieleze zaidi.

Ramadhani ya mwaka wa kwanza, madaktari wengi hushauri usifunge: huwezi kunywa lita moja na nusu kwa vijiko baina ya magharibi na alfajiri, tena ule na umeze dawa. Mgonjwa ana ruhusa katika dini. Zungumza na daktari wako na imamu wako kabla ya mwezi kuandama.

Mimba isubiri miezi 12 hadi 18. Na jihadhari: wanawake waliohangaika miaka bila kushika mimba hushangaa kushika mwezi wa nne, kwa sababu uzito ukishuka mayai huanza kupevuka. Panga uzazi kabla ya upasuaji. Ikitokea mapema, usiifiche. Muone daktari, upimwe vitamini upesi.

Kamera ya tumboni irudiwe baada ya miaka michache hata kama huna kiungulia, kwa sababu koo la chakula huweza kuchubuka bila kuuma.

Mwisho, kadi. Baada ya ile siku ya tisa nilimwandikia dada yangu karatasi, nikaipeleka ikawekewa plastiki, naye anaitembeza kwenye pochi pamoja na kitambulisho. Iandike hivi, uweke yako:

"Nimefanyiwa slivu ya tumbo tarehe ___. Daktari wangu ni ___, simu ___. Nisipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini bila kumuuliza. Nikiwa nimetapika kwa siku kadhaa, nipewe vitamini B1 kabla ya dripu ya sukari. Mrija wa puani wa kwenda tumboni usiingizwe kwa kukisia. Mapigo ya moyo yakizidi 120, nipigwe CT nikatazamwe kuvuja. Wa nyumbani wa kumpigia ni mdogo wangu, simu ___."